Siku Nane Bila Zamu ya Maji

Zamu yetu ya maji ilikuwa Jumatano. Jumatano hiyo maji hayakufika, kwa sababu kingo za mfereji zilikuwa zimebomoka huko juu, na vijana waliokwenda kuziba walirudi jioni wakisema kazi ni ya siku mbili. Ikawa siku nane.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, Ilula, mkoani Iringa. Yeyote aliyewahi kupanda Kitonga kwa basi la mchana anaijua Ilula ya mwezi huo: vumbi jekundu, upepo usiochoka, na kandokando ya lami matenga ya nyanya yamepangwa utadhani nchi haijawahi kukosa mvua. Nyanya zile hazitokani na mvua. Mvua zetu hukatika mwezi wa nne au wa tano, zikarudi mwezi wa kumi na moja ukiisha au wa kumi na mbili. Hapo katikati kila nyanya unayoiona imekunywa maji ya mfereji, ya mto, au ya dumu lililobebwa kichwani.

Mjomba alikuwa na robo tatu ya eka, nyanya aina ya Tanya tupu, zimechanua vizuri na vichala vya chini vimeanza kushika matunda. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili, na utafiti wangu ulikuwa juu ya jambo hilohilo: jeni za nyanya zinafanya nini mmea unapokosa maji. Siku ya tatu bila zamu, saa nane mchana, tulisimama kwenye tuta tukitazama majani yaliyolegea yakaning'inia. Mjomba alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kwa upole, bila kunikebehi hata kidogo: "Mwanangu, wewe si ndiye uliyesomea haya? Hiyo jeni ya ukame inauzwa wapi?"

Sikuweza kumjibu. Nilianza sentensi mbili tatu, zote zikaishia katikati. Tangu siku ile nimekuwa nikilitafuta jibu ambalo angeweza kulitumia, na haya ninayoyaandika ndiyo nilikofika.

Kwanza hicho tulichokuwa tunakitazama. Jani la nyanya likilegea saa nane mchana, halijasema bado kwamba udongo umekauka. Jua likiwa kali na upepo ukivuma, jani hupoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuyavuta, hata kama chini kuna unyevu wa kutosha. Jioni jua likipoa, mizizi hulipa deni hilo usiku kucha. Ndiyo maana wazee waliolima miaka mingi hukagua shamba alfajiri. Jani linaloamka limesimama lina maji. Linaloamka limelala ndilo lenye kiu. Siku ya tatu alfajiri majani ya mjomba yalikuwa yamesimama. Siku ya tano hayakusimama. Kati ya alfajiri hizo mbili, ndani ya majani yale kulikuwa na kazi kubwa inaendelea, na sisi tuliokuwa tunapita kwenye matuta na nyuso za msiba hatukuweza kuiona.

Jani lina vitundu vidogo mno, stomata, vingi vikiwa upande wa chini. Kupitia vitundu hivyo mmea huingiza hewa ya ukaa ya kutengenezea chakula chake, na kupitia hapohapo maji hutoka yakiwa mvuke. Hakuna mlango wa pili. Mmea unaotaka kula lazima ukubali kupoteza maji, na unaotaka kutunza maji lazima ukubali njaa. Ukilishika hili moja, mengine yote kuhusu nyanya na ukame yanafuata lenyewe, na utashangaa ni mara ngapi watu wanaouza mbegu hulisahau.

Kila kitundu kimezungukwa na seli mbili mfano wa midomo. Zikijaa maji hupinda na kitundu hufunguka, zikinywea hufunga. Kinachozijaza ni chumvichumvi, hasa potasiamu, ileile ambayo ni herufi K kwenye mfuko wa mbolea ya NPK. Potasiamu ikiingia ndani ya seli, maji huifuata. Ikitoka, maji nayo hutoka.

Kiu inapoanza, seli za jani hupungukiwa na ule msukumo wa maji unaolishikilia jani wima. Kushuka kwa msukumo huo ndiyo habari ya kwanza. Dakika chache tu baadaye jeni iitwayo NCED1 huamshwa. Jeni ni maelekezo yaliyoandikwa. Kuamka kwake maana yake seli imeanza kuyanakili maelekezo hayo na kutengeneza protini inayotajwa humo. Protini ya NCED1 ni kimeng'enya kinachofanya kazi ya mkasi, na kinachokatwa ni rangi: karotenoidi, ukoo uleule unaoipa karoti rangi yake na unaoifanya nyanya iliyoiva kuwa nyekundu. Mkasi huu hukata molekuli yenye kaboni 40 na kuacha kipande chenye kaboni 15. Kipande hicho kikipita hatua mbili zaidi huwa homoni iitwayo asidi absisiki, ambayo watafiti huifupisha ABA.

Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilikaa nalo siku kadhaa. Nimekulia kati ya matenga ya nyanya. Nilidhani naujua wekundu wake vya kutosha. Kumbe mmea unapotaka kuuambia mwili wake kwamba maji yamekwisha, hukata ujumbe huo kutoka kwenye ukoo wa rangi uleule.

ABA ikishatengenezwa husafiri hadi kwenye zile seli za mlangoni. Humo ndani kuna protini, SnRK2, iliyo tayari saa zote kufunga mlango. Haifungi kwa sababu kuna nyingine, PP2C, inayoishika mikono. ABA huingia kwenye kipokezi chake, kipokezi hubadilika umbo, kisha humkamata yule anayeshika mikono. SnRK2 sasa ni huru. Hufungua njia za kutolea chumvi, potasiamu hutoka, maji huifuata, seli hunywea, kitundu hufunga. Wanasayansi walikitafuta kipokezi hicho kwa miaka mingi. Kikaelezwa mwaka 2009, na vikundi viwili kwa wakati mmoja, kwenye mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis. Nyanya nayo ina ukoo huohuo wa vipokezi.

Kufunga mlango ni kazi ya dakika. Kinachofuata ni cha saa na siku, na hufanyika kwenye kiini cha seli. Huko kuna protini za kuamsha jeni nyingine, na mbili kati ya koo zake ni maarufu: AREB, zinazosubiri ABA, na DREB, ambazo nyingi huweza kuamka hata bila ABA. Kila ukoo hutambua mfuatano fulani mfupi wa herufi kwenye vinasaba, kama mtu anavyotambua alama ya ng'ombe wake, na popote penye alama hiyo jeni iliyo karibu huamshwa. Kwa njia hii jeni chache huamsha mamia, na hayo mamia hugusa maelfu. Jeni ya kutengeneza prolini huongezewa kasi ili seli ijae kitu cha kushikilia maji. TAS14 hutoa dehidrini, protini inayozizunguka sehemu laini za seli zisiharibike zikikauka. Asr1, iliyotambuliwa kwanza kwenye nyanya na kuelezwa mwaka 1993, ina tabia iliyonivutia sana: huamka wakati wa kiu na pia wakati tunda linapoiva. Wakati huohuo jeni nyingi za usanisinuru hupunguzwa sauti. Mmea unapunguza matumizi ya nyumba.

Tunayajuaje yote haya? Kwa sehemu kubwa, kwa sababu ya nyanya zilizozaliwa na kasoro.

Miaka ya 1950, huko Gatersleben, Ujerumani, Hans Stubbe na wenzake walikuwa wakipiga mbegu za nyanya kwa mionzi ya eksirei ili wapate mimea yenye mabadiliko kwenye jeni zake. Kati ya iliyozaliwa kulikuwa na mitatu iliyonyauka haraka hata ilipomwagiliwa. Waliipa majina ya Kilatini: flacca, yaani iliyolegea, sitiens, yenye kiu, na notabilis, inayoonekana upesi. Mwaka 1966 Moshe Tal alionyesha kilichokuwa kinaisumbua: stomata zake hazifungi, ziko wazi mchana na usiku, maji yanamwagika. Mwaka 1970 yeye na mwenzake Imber waliipa flacca ABA kutoka nje, na mmea ule uliokuwa haujawahi kusimama vizuri ukaanza kukaa kama nyanya nyingine. Baadaye ilijulikana kwamba kila mmoja kati ya ile mitatu umevunjika jeni tofauti kwenye njia ya kutengeneza ABA. Notabilis ndiye aliyepoteza ule mkasi, NCED1.

Nilipewa fursa ya kukuza sitiens kwa mwezi mmoja, na bado naukumbuka. Ulikuwa ndani ya chumba chenye unyevunyevu, umefunikwa, unanyweshwa kila siku, na ukiufunua tu majani yanaanza kushuka mbele ya macho yako. Udongo umelowa kabisa. Maji yapo miguuni pake, anachokosa ni ile sauti ya kumwambia afunge mlango.

Mimea hii ilitumika pia kwa jaribio ambalo mkulima yeyote aliyebebesha maembe au parachichi atalielewa mara moja. Kwa muda mrefu watu waliamini kwamba mizizi ndiyo inayohisi udongo ukikauka, ikatengeneza ABA na kuituma juu. Wazo zuri, lina mantiki. Michele Holbrook na wenzake walibebesha sehemu ya juu ya nyanya ya kawaida kwenye mizizi ya sitiens, mizizi isiyoweza kutengeneza ABA ya kutosha, wakaacha udongo ukauke. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002: stomata zilifunga kama kawaida. Kumbe jani lenyewe linaweza kutengeneza ABA yake. Mizizi bado ina namna zake za kupeleka habari, na mwaka 2018 watafiti wa Japani walieleza, kwenye Arabidopsis, kipande kidogo cha protini kinachotoka mizizini na kwenda kuamsha mkasi huko majanini. Lakini uamuzi wa mwisho hufanyika karibu kabisa na mlango. Kwa wanaofikiria kubebesha nyanya juu ya shina la mmea mgumu, hili lina uzito: shina la chini litakupa mizizi mirefu na kinga dhidi ya magonjwa ya udongoni, ila tabia ya jani kufunga mlango itategemea sana ulichobebesha juu.

Kabla sijafika kwenye swali la mjomba ni lazima nieleze kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifundisha kusoma habari za "jeni za ukame" kwa uangalifu.

Nilikuwa na vyungu 24. Kumi na mbili vilipata maji, kumi na mbili vilinyimwa siku saba. Siku ya kuchuma majani nilianza na vilivyopata maji, saa mbili asubuhi. Unachuma jani, unalizamisha papo hapo kwenye naitrojeni ya kimiminika, kisha unalisaga kwenye kinu kidogo likiwa bado limeganda, kwa sababu nakala za jeni huharibika upesi mno. Nilipofika nusu, naitrojeni ikaniishia. Mtungi mwingine ulifika mchana. Vyungu vyenye kiu nikavichuma saa nane.

Matokeo yalipokuja nilifurahi kama mtoto. Mamia ya jeni yalikuwa yamepanda au kushuka! Niliandaa michoro, nikaipeleka kwa msimamizi wangu. Aliitazama muda mrefu, kisha akaniuliza: "Majani haya uliyachuma saa ngapi?" Hapohapo nilielewa. Mmea una saa ndani yake. Jeni nyingi sana hupanda asubuhi na kushuka jioni, maji yawepo au yasiwepo. Nilikuwa nimelinganisha asubuhi na mchana, nikaita tofauti hiyo kiu. Hakukuwa na namna ya kuitenganisha tena. Nilirudia jaribio zima, miezi minne.

Tangu hapo, nikiona orodha ndefu ya jeni zinazodaiwa kuitikia ukame, huuliza saa. Huuliza pia chungu kilikuwa na ukubwa gani. Chungu kidogo hukauka kwa siku chache na mizizi haina pa kukimbilia; shamba la Ilula hukauka polepole, kutoka juu kwenda chini, na mzizi una nafasi ya kushuka. Jeni zinazoamka kwenye dharura ya siku tatu si lazima ziwe zilezile zinazoamka kwenye upungufu wa wiki tatu.

Basi, jeni ya ukame inauzwa wapi?

Mwaka 2002 kikundi cha watafiti wa Taiwan kilieleza kwamba kilihamisha jeni moja ya kuamsha nyingine, CBF1 ya ukoo wa DREB, kutoka Arabidopsis hadi kwenye nyanya, ikiwa imewekwa iwe macho wakati wote. Mimea ile ilistahimili ukosefu wa maji vizuri kuliko nyanya za kawaida. Ila ilikuwa mifupi, matunda yake machache, na mbegu ndani ya kila tunda zikapungua. Uingereza, mwaka 2000, Andrew Thompson na wenzake walikuwa wameongeza nguvu ya ule mkasi wa NCED ndani ya nyanya. ABA ikaongezeka, ikaja na lake: mbegu zililala muda mrefu kabla ya kuota, maana ABA ndiyo pia inayoiambia mbegu isubiri.

Hii ndiyo bei. Mmea ulioamshwa kwa vita kila siku hauna muda wa kulima. Mwaka 2003 watafiti wale wa Taiwan walitoa habari nyingine kwamba wakiiwekea CBF1 kitasa kinachofunguka kwa ABA na msukosuko tu, nyanya huwa ngumu bila kudumaa. Yaani yote yamo katika lini inaamka, kwa nguvu kiasi gani, na lini inarudi kulala. Siku hizi kuna njia ya kuhariri jeni palepale ilipo, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo kwenye nyanya na ukame, mwaka 2017, ilikuwa kuivunja jeni iitwayo SlMAPK3. Mimea iliyoipoteza ilidhurika zaidi na ukame. Kujua kipi ukikivunja mmea unaumia ni hatua ya lazima, lakini bado si mbegu ya kumpa mjomba.

Kuna watu waliolitafuta jibu milimani. Charles Rick, wa chuo kikuu cha Davis, California, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuokota mbegu za nyanya mwitu kutoka Peru, Ecuador na Chile. Benki ya mbegu iliyopewa jina lake ina zaidi ya sampuli 3,000. Ndiye aliyegundua pia, pamoja na mwenzake, kwamba mbegu za nyanya za visiwa vya Galapagos huota kwa shida mpaka zipite kwenye tumbo la kobe. Haihusiani na ukame, lakini kila nikiisoma hunipa heshima mpya kwa mtu aliyekuwa na subira ya kuwalisha kobe nyanya na kusubiri.

Nyanya mwitu hizo ni ndugu wa nyanya zetu, na baadhi huishi mahali pasipo na mvua ya maana. Solanum chilense hukaa ukingoni mwa jangwa la Atacama. Solanum pennellii hukaa kwenye nyanda kavu za magharibi mwa Peru, ina tunda dogo la kijani lisilovutia mezani. Nyanya yetu ilisafiri kutoka huko hadi Meksiko, ikabebwa na Wahispania, ikafika kwetu na kuitwa nyanya, na huko Unguja tungule. Njiani humo watu waliichagua kwa ukubwa, kwa rangi, kwa kustahimili safari. Waliichagua wakiwa wanaimwagilia. Hakuna aliyekuwa anaiuliza kama inajua kukaa na kiu, na tabia isiyoulizwa kwa vizazi hupotea bila mtu kuiona ikiondoka. Jenomu ya nyanya ya kulimwa, yaani maelekezo yake yote kwa pamoja, ilichapishwa mwaka 2012, kromosomu 12 na jeni zipatazo 35,000. Ya pennellii ikafuata mwaka 2014. Ukiziweka pamoja unaona kwamba karibu kila jeni niliyoitaja ipo pande zote mbili. Tofauti iko kwenye namna zinavyoitwa.

Habari inayonipa matumaini kuliko zote ni ya mwaka 2004, kutoka kwa Amit Gur na Dani Zamir wa Israeli. Wao hawakuhamisha jeni maabara. Walipandikiza kwa uzalishaji wa kawaida, mzazi na mtoto, vipande vitatu vya kromosomu za pennellii ndani ya nyanya ya kulimwa, kisha wakaipanda shambani, sehemu moja ikipata maji yote na nyingine ikipata asilimia 10 tu. Chotara waliopatikana walizaa zaidi ya asilimia 50 kuliko aina iliyoongoza sokoni waliyolinganishwa nayo, penye maji na pasipo maji. Kumbuka kipimo chao. Walipima kilo za matunda. Majaribio mengi sana, na langu likiwamo, hupima kama mmea umesalia hai. Mjomba hauzi mimea iliyosalia hai.

Hapo ndipo jibu langu lilipopata umbo. Haiuzwi, mjomba, kwa sababu si moja, na kwa sababu nyingi kati yake zimo tayari kwenye Tanya zako. Siku zile nane zilikuwa zinafanya kazi. Ukiingia duka la pembejeo ukaona pakiti imeandikwa "inastahimili ukame", uliza maswali mawili: inastahimili kwa kusalia hai au kwa kuzaa, na ukame unaoukuta mmea ukiwa na umri gani? Mche wenye wiki tatu shambani unaweza kukaa na kiu kidogo na kupata faida, maana mizizi hushuka kutafuta. Nyanya iliyochanua haina nafasi hiyo. Mlango ukifungwa wakati wa maua, sukari hupungua, na ua ni kitu cha kwanza mmea kuacha kukilisha.

Ndivyo ilivyotokea. Maji yalifika siku ya nane usiku, na mjomba, kama ambavyo ningefanya mimi, aliyaachia yakajaza matuta mpaka asubuhi. Majani yakasimama. Tukashukuru Mungu. Baada ya siku chache maua yakaanza kuanguka, yanakatika kwenye kikonyo yakiwa makavu. Wiki iliyofuata matunda machanga ya chini yakatokea doa jeusi kitakoni.

Aliuziwa dawa ya ukungu. Aliipiga mara mbili, kwa pesa ya kukopa. Hili linaniuma mpaka leo, kwa sababu nilikuwa nimerudi chuoni na hakuniambia, na kwa sababu kuoza kitako si ukungu. Kalsiamu husafiri ndani ya nyanya ikibebwa na mkondo wa maji tu. Majani, yanayopoteza maji mengi, huvuta mkondo mkubwa. Tunda hupoteza kidogo, hivyo hupata kidogo, na kitako kiko mwisho kabisa wa bomba. Maji yakikatika siku kadhaa wakati tunda linakua kwa kasi, seli za kitakoni hukosa kalsiamu, kuta zake hubomoka, doa jeusi likatokea. Kumwagilia maji mengi baadaye hakurudishi kilichokosekana siku zile. Dawa ya ukungu haina la kufanya hapo.

Msimu uliofuata alipanda nusu eka badala ya robo tatu. Kumshawishi kulichukua jioni mbili za mazungumzo, na nadhani ni shangazi aliyemaliza ubishi. Alitandaza mabua ya mahindi na nyasi kavu juu ya matuta. Kona ya juu ya shamba walichimba shimo, wakalitandika turubai, na siku ya zamu sehemu ya maji ikawa inaingia humo, ikitolewa kidogokidogo kwa ndoo kati ya Jumatano na Jumatano. Miche ikiwa bado haijachanua aliiacha ionje kiu mara mbili. Maua yalipotokea hakuiacha tena hata siku moja.

Mwaka jana nilikwenda mwezi wa kumi. Aliniamsha saa kumi na moja na nusu, bado giza, tukatembea bila kuzungumza. Amejijengea tabia ya kupitisha mgongo wa kiganja chini ya majani, tuta hadi tuta, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Jirani wa chini alikuwa amesimama kwenye mfereji na jembe lake, anasubiri tumalize kwanza, maana ilikuwa Jumatano. Mjomba akafika mwisho wa shamba, akanyoosha mgongo.

"Yamesimama," akasema. Kisha akamgeukia jirani. "Fungua kwako. Sisi tutachukua jioni."